Maswali ya Wasomaji: Kumfundisha Mtu Kazi ya Kuangalia Wazee

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga. Waliotuandikia ni wenye nyumba za kulelea wazee, wafanyakazi wao, na watoto waliowaacha wazazi wao mikononi mwa hao wafanyakazi. Kila barua ina lake, lakini karibu zote zinarudi pale pale: mtu kafundishwa, cheti anacho, na kazi bado haijui. Majibu yameandaliwa na wauguzi na wakufunzi wetu.

Swali (Raskazone): Tumefungua nyumba ya wazee tisa. Tuliajiri vijana sita waliomaliza kidato cha nne, tukamleta muuguzi akawapa semina ya siku nzima, kila mmoja akapata cheti. Miezi mitatu haijaisha, babu mmoja aliyepooza ametokwa na kidonda kwenye nyonga, na daftari la kugeuza linaonyesha aligeuzwa kila baada ya saa mbili. Tulikosea wapi, na mafunzo yanatakiwa yachukue muda gani?

Jibu: Anzeni na hilo daftari. Fungueni ukurasa wa usiku wowote. Kama mistari yote ina wino mmoja na mwandiko mmoja, nane kamili, kumi kamili, kumi na mbili kamili, basi limejazwa kwa mkupuo mmoja alfajiri. Msikimbilie kumfukuza kijana. Mara nyingi anayejaza hivyo aliambiwa "mgeuze kila baada ya saa mbili" lakini hakuambiwa kwa nini, na usiku wa manane amri isiyo na sababu haimtoi mtu kwenye kiti.

Sababu ni hii. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipitiwi na damu, na ikikosa damu muda mrefu inakufa kuanzia ndani. Ngozi ikija kuchanika, shimo la chini limeshakuwa kubwa. Sehemu za kukagua ni makalio pale juu ya mkia wa uti wa mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mhudumu afundishwe kutafuta sehemu iliyoiva weusi au kuwa ya zambarau kuliko jirani yake, kisha aguse: ina joto au ubaridi usio wa kawaida? Imekuwa ngumu, au inabonyea kama embe bovu? Mzee anashtuka ikiguswa? Moja tu kati ya hayo latosha kumwita muuguzi, na mzee asilalie tena upande ule.

Sehemu hiyo haisuguliwi kwa mafuta, maana kusugua kunazidi kuiumiza nyama iliyokwisha dhoofu. Wala mzee hawekewi kata ya kanga au duara la mpira chini ya makalio. Wengi hufanya hivyo kwa huruma, lakini ile duara hubana damu pande zote na katikati kunakauka. Kumlaza ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga nako ni kosa, na huenda ndiko kulikomponza babu yenu. Alazwe mshazari wa nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Kichwa cha kitanda kisipandishwe zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula, kwani mwili hutelezea chini na ngozi ikabaki imenasa kwenye shuka. Akiwa kwenye kiti, asogezwe uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30. Na kwa joto la Tanga, mpira wa kutandikia ukikaa moja kwa moja chini ya mwili, jasho peke yake linalainisha ngozi hadi ikachubuka. Juu yake iwepo shuka ya pamba, kavu, isiyo na mikunjo.

Sasa muda. Semina ya siku moja inatosha kumjulisha mtu kazi ilivyo. Kuiweza ni jambo jingine. Marekani, sheria ya nchi nzima inataka wasaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za uuguzi wafundishwe si chini ya saa 75. Ndani ya hizo, saa 16 ni za vitendo chini ya usimamizi, na kuna masomo ya saa 16, yakiwemo ya kuzuia maambukizi, usalama na haki za mkaaji, ambayo lazima yatangulie kabla mwanagenzi hajamgusa mzee yeyote. Baada ya hapo ni saa 12 kila mwaka. Nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, ambao hawahitaji uuguzi wa saa zote, huko husimamiwa na kila jimbo kivyake: California inadai saa 40, 20 kabla mtu hajaachiwa kazi peke yake na 20 nyingine ndani ya wiki nne za mwanzo. Uingereza ilianza mwaka 2015 na cheti cha viwango 15, na kila kiwango mtu hupimwa akiwa kazini.

Hamlazimiki kuiga saa zao. Igeni mpangilio: masomo machache ya darasani, kisha kitandani, kisha kupimwa. Kwa vijana sita, tengeni wiki mbili na mkufunzi mmoja kwa wanagenzi watatu. Siku mbili za kwanza hakuna anayemgusa mzee. Wananawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60 mpaka iwe mazoea, wanajifunza kubisha hodi, kuamkia, na kueleza wanachotaka kufanya kabla ya kushika mwili wa mtu. Siku ya tatu wafanyiane wao kwa wao: mmoja alale chali saa mbili bila kujigeuza, alishwe uji na mwenzake, avalishwe pampasi iliyolowa maji. Zoezi hili msiliruke hata kama muda umewabana. Aliyewahi kulala hivyo haulizi tena kwa nini babu anagumia.

Kila stadi iende kwa hatua. Mkufunzi aifanye polepole akieleza, mwanagenzi aifanye kwa mwenzake, kisha kwa mzee mkufunzi akiwa pembeni. Akiifanya mara tatu bila kuruka hatua, ndipo stadi hiyo moja itiwe saini. Cheti kiwe orodha ya stadi zilizotiwa saini: kugeuza, kuogesha, kulisha, kuhamisha, kusafisha kinywa, kupima joto na presha. Karatasi yenye jina na muhuri tu haimwambii msimamizi nani aachiwe nini. Zamu ya usiku ifundishwe usiku, kwa sababu kumgeuza mtu mwenye usingizi kwa mwanga wa taa moja, mpo wawili tu nyumba nzima, ni kazi tofauti kabisa.

Mkitafuta wakufunzi, muuguzi mstaafu ni hazina, ila hakikisheni leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ulizeni pia Hospitali ya Bombo kama kuna mtaalamu wa viungo anayeweza kuja nusu siku. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza. Zimamoto, namba 114, waiteni kabla ya moto: wawaonyeshe vijana jinsi ya kumtoa asiyetembea kwa kumburuta na shuka yake.

Na msimamizi aingie saa nane usiku bila kutangaza, alinganishe ubavu alioulalia mzee na ulioandikwa. Mara mbili kwa mwezi inatosha.

Swali (Makorora): Namhudumia bibi aliyepata kiharusi upande wa kushoto. Kumtoa kitandani hadi kwenye kitimwendo namshika makwapani na kumnyanyua. Sasa kiuno kinaniuma na bibi analalamika bega. Nifanyeje?

Jibu: Acha kumshika makwapani kuanzia leo, dada. Baada ya kiharusi misuli ya bega lililopooza imelegea, mfupa unashikiliwa na kano peke yake, na ukivuta unachomoka kidogo kidogo. Maumivu hayo huweza kudumu miezi. Mpeleke aangaliwe.

Weka kitimwendo upande wake mzima, yaani kulia kwake, kimeelekea kitanda mshazari wa nyuzi 45 hivi. Funga breki zote mbili. Ondoa vikanyagio, kwani hivyo ndivyo huchana miundi ya wazee. Mvalishe viatu vyenye kisigino kilichofungwa. Kandambili ziacheni. Mgeuze alale ubavu, shusha miguu yake ukingoni, mwinue kwa kusukuma bega na nyonga, kisha mwache akae dakika moja au mbili. Presha ya mzee huanguka anapoinuka ghafla, na wengi huanguka ndani ya dakika hiyo hiyo, hasa alfajiri wakienda kutawadha.

Sasa simama mbele yake, miguu imeachana, magoti yamekunjwa, goti lako likiziba goti lake dhaifu lisikunjike. Mfunge kiunoni mkanda mpana wa kitambaa kigumu na ushike mkanda. Asikushike shingo. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio yanapanda yenyewe bila wewe kubeba. Hesabuni pamoja moja, mbili, tatu. Akisimama, zungukeni kwa hatua fupi fupi, na usiusokote mgongo wako miguu ikiwa imesimama. Mkono wake mzima utafute mkono wa kiti ulio mbali, akiugusa na nyuma ya magoti ikagusa kiti, ashuke polepole.

Kama hawezi kabisa kukanyagia hata mguu mzima, hiyo ni kazi ya watu wawili. Mwajiri anayekuambia ufanye peke yako anakutafutia ulemavu na bibi anamtafutia mvunjiko wa nyonga.

Swali (Ngamiani): Jik tunachanganya kiasi gani?

Jibu: Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji hutoa asilimia 0.5, inayotumika pale palipomwagika damu. Futa damu kwanza kwa kitambaa ukiwa umevaa glovu, kisha mwaga dawa na uiache dakika 10. Tengeneza mpya kila siku. Mkojo usafishwe kwanza kwa maji na sabuni, kwa kuwa Jik ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Wala usiichanganye na dawa nyingine ya choo.

Swali (Pongwe): Wahudumu wetu husaga dawa zote za mzee na kuzimimina kwenye uji ili zisimkwame. Muuguzi anayekuja kila Jumatano amekasirika. Kuna ubaya gani?

Jibu: Amekasirika kwa haki. Vidonge vingine vimetengenezwa vitoe dawa kidogo kidogo mchana kutwa. Nifedipine ya presha ya aina hiyo ikisagwa, dozi ya siku nzima inaingia kwa pamoja, presha inaporomoka, mzee anaanguka. Vingine vimefunikwa ngozi maalumu ili visiunguze tumbo. Isitoshe, akiacha nusu bakuli, nani anajua ameacha dawa gani?

Mtu akikwamwa na vidonge, tatizo ni kumeza, na hilo linahitaji daktari. Hata chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu. Dalili ni kukohoa akinywa maji, sauti inayokuwa na majimaji baada ya tonge, na chakula kilichojificha shavuni. Mpaka aonwe, akae wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, kijiko cha chai na si cha mezani, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Kuhusu dawa, daktari anaweza kubadilisha ikawa ya maji.

Mhudumu afundishwe kuuliza mambo matano kabla ya kila dawa: ni mzee yule, dawa ile, kiasi kile, njia ile, saa ile? Anasoma lebo anapoichukua, anapoimimina, na anapoirudisha. Anatia saini baada ya mzee kumeza. Akikataa, inaandikwa "amekataa" na sababu. Kumfichia kwenye chakula ili asijue ni kumdanganya mtu mzima. Sindano za insulini zibaki kwa muuguzi, au kwa mhudumu ambaye muuguzi amempima na kumtilia saini kwa mzee huyo mmoja.

Swali (Chumbageni): Tuna mzee mwenye kisukari ambaye kila Ramadhani anasisitiza kufunga. Wahudumu wanaogopa kumzuia na wanaogopa kumwacha. Tuwafundishe nini?

Jibu: Mazungumzo yaanze wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, si usiku wa kuamkia. Mzee, daktari wake, jamaa zake, na shehe anayemwamini. Dini imemruhusu mgonjwa na mkongwe asiyeweza kufunga alishe masikini kila siku, na maneno hayo yakitoka kwa shehe yanapokelewa tofauti na yakitoka kwa binti wa miaka 22. Uamuzi wa mzee ukiheshimiwa mapema na dawa zikapangwa upya na daktari, hofu ya wahudumu inapungua nusu.

Akifunga, apimwe sukari asubuhi, adhuhuri, alasiri na kabla ya futari. Kupima kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu kwa maelezo ya wanazuoni wengi, na ni vyema shehe alitamke hilo mbele ya wote. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 kwa kipimo cha mmol/L, saumu inavunjwa hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe. Hapa ndipo wahudumu hukosea: wanasema "tungoje kidogo".

Sukari ikishuka, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni. Mzee si lazima atetemeke au atoke jasho: anaweza kuwa mkali, kuongea ovyo, au kuonekana kama aliyelewa. Asiyejitambua hawekewi chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, apelekwe hata akizinduka, maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari hushuka tena saa chache baadaye.

Neno moja la madafu, kwa kuwa futari ya pwani haikosi: yana madini mengi ya potasiamu. Mwenye figo mbovu asipewe mpaka daktari aseme.

Swali (Muheza): Bibi yetu kila magharibi anachukua mtandio anataka kwenda kwao Pangani. Wahudumu wanamfungia mlango, wengine wanasema ana mashetani. Tufanyeje?

Jibu: Huo ni ugonjwa wa ubongo, na saa za jioni huwa mbaya zaidi: mwanga unafifia, vivuli vinarefuka, mtu amechoka, zamu zinabadilishana na nyumba ina kelele. Neno "mashetani" lisiruhusiwe kazini. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imeshuhudia bibi vizee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa macho mekundu tu yaliyotokana na moshi wa jikoni.

Wafundisheni kwa maigizo. Mmoja awe bibi, mwingine mhudumu, na wenzao watazame. "Bibi, wewe huishi Pangani tena" huzaa ugomvi kila mara. "Mwanao anakuja kesho" ni uongo, na kesho utaulizwa. Kinachosaidia ni kukaa naye kimo kimoja na kumuuliza: "Shikamoo bibi. Pangani saa hizi kuna nini?" Atakueleza mashua, minazi, mama yake. Kisha tafuta anachokosa: amebanwa na mkojo? Ana njaa? Kuna panapouma? Washeni taa kabla giza halijaingia, na mumtembeze uani saa kumi na moja, kabla hamu ya kuondoka haijampanda. Andikeni kilichotangulia na kilichofuata. Baada ya wiki mbili mtaona mfuatano.

Lakini akibadilika ghafla, jana mzima leo hamjui mtu, hilo si lile la siku zote. Apimwe malaria na mkojo siku hiyo hiyo, muulize choo na maji, mtazame dawa mpya. Kusubiri "kesho tuone" kumewaua wazee wengi.

Swali (Tanga mjini): Mhudumu aliweka picha ya baba yangu akiogeshwa kwenye status ya WhatsApp, eti kuonyesha upendo. Wenye nyumba wanasema ni kosa dogo.

Jibu: Si dogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Una haki ya kutaka picha ifutwe, na kulalamika kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Wenye nyumba wafundishe hili siku ya kwanza: simu haiingii chumbani wala bafuni.

Swali (Mwenye nyumba, Tanga): Nikimfundisha mhudumu, miezi minne baadaye ameondoka. Nisifundishe tena?

Jibu: Tazama kwanza zamu zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na siku isizidi saa 12 hata ikiwa na muda wa ziada. Muda wa ziada unalipwa mara moja na nusu, kazi ya usiku inaongezwa angalau asilimia 5, mapumziko ni saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ni siku 28. Mhudumu anayelala hapo hapo na kuamshwa kila usiku bila hesabu yoyote hakimbii mafunzo. Anakimbia uchovu.

Wanaoondoka mapema wengi hawakuachiwa mwenzao mkongwe wa kuwashika mkono. Mpe kila mgeni mtu mmoja wa kufanya naye zamu mwezi mzima, na huyo mkongwe alipwe kitu kwa kazi hiyo. Mishahara ipande stadi zinapoongezeka, ili aliyetiwa saini ya kuhamisha na kulisha apate zaidi ya yule wa kufagia. Saa moja kila mwezi chagua jambo moja lililoharibika na mlifanyie zoezi upya, kitandani.

Na zamu mpya ifike dakika 15 kabla ya ile ya zamani kuondoka, wapite kitanda kwa kitanda pamoja, mzee akisikia wanachosema: amekula nini, amekunywa glasi ngapi, choo mara ya mwisho lini, ngozi ikoje, dawa gani ameikataa.